Kadi ya Picha kwa Kompyuta ya Sebuleni

Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, televisheni ilikuwa chombo kinachojitegemea. Ilipokea mawimbi kwa antena, ikaonyesha picha, na kazi yake ikaishia hapo. Katika nyumba nyingi za leo televisheni imebaki kuwa kioo tu. Picha zenyewe hutoka katika chombo kingine, na mara nyingi chombo hicho ni kompyuta. Kompyuta moja iliyowekwa kando ya televisheni huweza kuhifadhi filamu za familia, kupiga muziki, kuonyesha masomo yaliyorekodiwa na kuleta vipindi kutoka katika intaneti. Kwa kuwa kazi hizi hazidai mashine mpya, wananchi wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na miji mingine hununua kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, ambazo huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya awali.

Matatizo huanza baada ya siku chache. Filamu fulani huonyeshwa vizuri, nyingine hukwamakwama; sauti hutangulia midomo ya wasemaji, na feni ya kompyuta huvuma kama upepo wa kusi. Mwenye mashine akirudi dukani hushauriwa kununua kadi ya picha, yaani ule ubao mdogo unaochomekwa ndani ya kompyuta ili kuisaidia kutengeneza picha. Ushauri huo waweza kuwa sahihi. Waweza pia kuwa hasara tupu, kwa sababu kadi za picha hutangazwa na kupangiwa bei kwa kadiri ya nguvu zake katika michezo ya kompyuta, ilhali kuonyesha filamu ni kazi ya namna nyingine kabisa. Yafaa basi kueleweka ni sehemu gani ya kadi inayofanya kazi hiyo, ili fedha ya mnunuzi iende panapostahili.

Filamu husongwa namna gani

Picha moja ya televisheni ya kiwango cha HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huelezwa kwa biti 24: biti 8 za wekundu, 8 za kijani na 8 za buluu. Kwa desturi ya picha 25 kila sekunde, iliyofuatwa na televisheni za Afrika Mashariki, filamu isiyosongwa ingehitaji biti 1,244,160,000 kila sekunde. Filamu ya saa mbili ingejaza baiti zaidi ya trilioni 1.1. Diski ya kawaida ya DVD hubeba baiti bilioni 4.7 tu. Ni dhahiri kwamba pasipo njia ya kuisonga filamu, hakuna diski ya nyumbani wala kifurushi cha intaneti ambacho kingetosha.

Njia hiyo imejengwa juu ya jambo moja jepesi: picha inayofuata hufanana sana na iliyotangulia. Mtangazaji wa habari anaposoma taarifa, ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Ni midomo na macho tu yanayocheza. Katika mechi ya mpira, majani ya uwanja hubaki yale yale huku wachezaji wakisogea. Kwa hiyo picha hugawanywa katika vipande vya mraba, na badala ya kuandikwa upya, kila kipande huelezwa kwa maneno machache ya hesabu: hiki ni kile kile cha picha iliyopita, ila kimesogea nukta tatu kushoto. Kinachoandikwa ni tofauti tu, na hata tofauti hiyo hupunguzwa kwa kuacha mambo madogo ambayo jicho la mwanadamu halitayaona. Kwa njia hii filamu ya saa mbili huweza kutoshea katika baiti bilioni 4.5, yaani karibu sehemu moja ya 250 ya ukubwa wake wa asili.

Kazi hiyo ya kusonga huitwa usimbaji. Mtazamaji huhitaji chombo cha kuifanya kinyume chake, yaani kusimbua: kusoma maelezo hayo mafupi na kuirudisha kila picha ikiwa kamili, mara 25 au zaidi kwa sekunde, bila kuchelewa hata mara moja. Kisimbuzi cha televisheni ya kidijitali, ambacho Tanzania huitwa pia king'amuzi, hufanya kazi hiyo hiyo.

Kinu cha mkono na mashine ya kukoboa

Ndani ya kompyuta kazi ya kusimbua huweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia prosesa kuu ya mashine. Prosesa hii ni kama mtu mwenye kinu na mchi: aweza kutwanga mahindi, mpunga au dawa, maana hufuata agizo lolote apewalo, lakini hutoka jasho jingi. Njia ya pili ni kutumia saketi maalumu iliyochongwa ndani ya silikoni kwa ajili ya kusimbua peke yake. Hiyo ni kama mashine ya kukoboa: haiwezi kupika wala kulima, lakini katika kazi yake hushinda watu wengi na hutumia nguvu kidogo. Feni inayovuma wakati wa filamu ni dalili kwamba prosesa inatwanga kwa mkono.

Saketi hiyo ya kusimbua ndiyo hasa inayotafutwa na mwenye kompyuta ya sebuleni, nayo huchukua eneo dogo tu katika kadi ya picha. Eneo kubwa zaidi limejazwa mamia au maelfu ya viini vidogo vya kuchorea michezo, ambavyo wakati wa filamu hukaa karibu bure. Kadi kubwa huwa na viini vingi kuliko kadi ndogo ya kizazi kile kile, na ndiyo maana bei yake hupanda mara kadhaa. Lakini saketi ya kusimbua katika kadi hizo mbili huwa kwa kawaida ni ile ile. Kwa mtazamaji wa filamu, basi, bei si kipimo. Kipimo ni kizazi cha saketi.

Mfano mmoja watosha kulithibitisha hilo. Kadi ya NVIDIA GeForce GTX 1080 ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa kadi zenye nguvu kuliko zote, nayo ilikula umeme wa wati 180. Haiwezi kusimbua filamu za mfumo mpya wa AV1. Kadi ndogo ya Intel Arc A380 ya mwaka 2022, yenye wati 75, huzisimbua bila taabu.

Mifumo minne ya usimbaji

Filamu zinazozunguka leo zimesimbwa zaidi kwa mifumo minne. Wa kwanza ni H.264, uliokamilishwa mwaka 2003, ambao husimbuliwa na karibu kila mashine iliyo hai. Wa pili ni HEVC, uitwao pia H.265, wa mwaka 2013, uliokusudiwa kubeba picha ya ubora ule ule kwa takriban nusu ya biti. Wa tatu ni VP9 wa kampuni ya Google, wa mwaka 2013 pia, unaotumiwa sana na YouTube. Wa nne ni AV1, uliotolewa mwaka 2018 na umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2015, nao hutumika bila kulipiwa ada ya leseni.

Kadiri mfumo ulivyo mpya ndivyo unavyotumia biti chache, na kwa mtu anayelipia intaneti kwa kifurushi hiyo ni nafuu halisi: kifurushi kile kile humpa vipindi vingi zaidi. Lakini nafuu hiyo haiji bure. Biti zikipungua, hesabu huongezeka. H.264 hugawanya picha kwa vipande vya nukta 16 kwa 16, HEVC huweza kufikia 64 kwa 64, na AV1 128 kwa 128, huku njia za kukisia kila kipande zikizidi kuwa nyingi. Mzigo huo humwangukia anayesimbua.

Kadi zinazopatikana kwa bei nafuu zaweza kupangwa kwa kadiri ya mifumo hiyo. GeForce GT 710, ambayo bado huonekana madukani, ni ya kizazi cha Kepler cha mwaka 2012, hujua H.264 lakini haina saketi ya HEVC, VP9 wala AV1. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 hujua H.264, HEVC na VP9, ila haijui AV1. Kwa upande wa AV1, kadi za NVIDIA zilianza kuusimbua katika kizazi kilichotoka mwaka 2020, na mojawapo ya ndogo zake ni GeForce RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya mwaka 2024. Kadi za Intel Arc zimekuwa nao tangu mwanzo, mwaka 2022.

Hata hivyo mnunuzi asitegemee mwaka wa kutoka dukani peke yake. GeForce GTX 1630 ilitoka mwaka 2022, lakini imejengwa kwa saketi za kizazi cha nyuma na haijui AV1. AMD Radeon RX 6400 ilitoka mwaka huo huo, na ndugu zake wakubwa wa kizazi hicho wanausimbua AV1. Katika kadi hiyo ndogo sehemu hiyo iliondolewa. Jambo la kusoma ni orodha ya mifumo inayosimbuliwa, kama ilivyochapishwa na mtengenezaji.

Je, kadi inahitajika?

Kabla ya kununua chochote, yapasa kuuliza kama kadi inahitajika. Tuchukue kompyuta ya ofisini yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, ambacho kilitoka mwaka 2013. Prosesa hiyo ina sehemu yake ya picha ndani, nayo ina saketi ya H.264. Filamu za HEVC na AV1 huangukia viini vinne vya prosesa yenyewe. Katika kiwango cha HD kamili viini hivyo kwa kawaida hutosha, hasa kwa kuwa programu za kusimbua zimeboreshwa sana. Dav1d, iliyotolewa na wanachama wa VideoLAN mwaka 2018, imewezesha mashine nyingi za zamani kuonyesha filamu za AV1. Kwa hiyo mwenye televisheni ya HD, ambaye mashine yake inakwamakwama, aanze kwa kuweka toleo jipya la programu kama VLC au Kodi, kusafisha vumbi ndani ya mashine, na kutazama tena. Huenda fedha yake ikabaki mfukoni.

Hali hubadilika kwa televisheni ya 4K. Picha yake ina nukta 8,294,400, mara nne ya zile za HD kamili, na filamu zake nyingi hutumia biti 10 kwa kila rangi badala ya 8, yaani ngazi 1,024 za mwanga badala ya 256. YouTube nayo haitoi picha za 4K kwa H.264, bali kwa VP9 au AV1. Hapa viini vinne vya zamani huelemewa, na kadi yenye saketi inayofaa huwa tiba ya kweli.

Njia ya kutokea

Kusimbua ni nusu ya safari. Picha hazina budi kufika kwenye kioo. Picha za 4K zikitumwa mara 60 kwa sekunde huhitaji biti bilioni 11.9 kila sekunde. Tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililo katika mashine na kadi za zamani, hupitisha biti bilioni 10.2 tu, na sehemu ya hizo ni za kulindia mawasiliano. Kwa hiyo huishia picha 30 kwa sekunde. Filamu za sinema, ambazo ni picha 24 kwa sekunde, hupita vizuri; mpira uliorekodiwa kwa picha 50 haupiti. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, hupitisha biti bilioni 18 na kulimaliza tatizo. GT 710 ina toleo la 1.4, GT 1030 ina la 2.0.

Kumbukumbu ya kadi, ambayo wauzaji huitaja kwanza, haina uzito mkubwa katika kazi hii. Picha moja ya 4K, ikihifadhiwa kwa baiti 4 kwa kila nukta, huchukua baiti milioni 33. Kadi yenye gigabaiti 2 huweza kushika picha 60 kama hizo kwa pamoja, na kisimbuzi hushika chache tu kwa wakati mmoja. Kuongeza bei ili kupata gigabaiti 8 kwa ajili ya filamu ni sawa na kununua pipa la kutekea maji ya chai.

Nafasi, umeme na joto

Kompyuta nyingi za ofisini zina kasha jembamba ambalo kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Huhitaji kadi fupi yenye kimo cha karibu sentimita 7, pamoja na bati fupi la kuifungia. Kadi nyingi huuzwa na mabati mawili ndani ya boksi. Zilizokwisha kutumika mara nyingi zimepoteza moja, na mnunuzi hulitambua jambo hilo akiwa tayari nyumbani.

Sloti ya kadi huweza kutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayodai zaidi ya hapo huhitaji waya wa ziada kutoka katika pawasaplai, na pawasaplai ndogo za ofisini aghalabu hazina waya huo. GT 1030 hudai wati 30, RX 6400 wati 53, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 wati 70. Zote huishi kwa umeme wa sloti peke yake. Tofauti hizo huonekana pia katika matumizi ya nyumba: kila wati 30 zinazotumika kwa saa 4 kila siku ni uniti 43.8 za umeme kwa mwaka.

Umeme wote unaoliwa na kadi hugeuka joto. Kadi isiyo na feni, yenye mapezi ya alumini tu, haina kelele na haivuti vumbi, lakini hutegemea hewa ipitayo ndani ya kasha. Mashine iliyofungiwa kabatini chini ya televisheni, katika joto la pwani, haimpi kipoza joto hicho nafasi ya kufanya kazi. Yafaa iachiwe uwazi nyuma na kando.

Majina yanayofanana na kadi za bandia

Mnunuzi wa kadi nafuu yumo katika hatari ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2018 ilitolewa GT 1030 ya pili yenye jina lile lile, ila kumbukumbu yake ni ya aina ya DDR4 badala ya GDDR5. Kasi ya kumbukumbu ilishuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi 16.8. Kwa filamu tofauti hiyo si kubwa. Kwa mtoto atakayetaka kucheza michezo kidogo katika mashine hiyo, ni kubwa sana. Maandishi madogo ya boksi ndiyo yanayozitenganisha.

Ubaya zaidi ni kadi za bandia: kadi kuukuu ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Windows huamini jina hilo. Udanganyifu huu ulienea hata programu ya GPU-Z, inayopatikana bila malipo, ikaongezewa mwaka 2018 uwezo wa kuutambua. Kuiendesha huchukua dakika moja.

Umri wa draiva nao uangaliwe, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. NVIDIA iliacha kutoa matoleo ya kawaida kwa kizazi cha Kepler mwaka 2021, na kwa kizazi cha GT 1030 mwaka 2025. Kadi hizo haziachi kufanya kazi siku hiyo, lakini hazitarajiwi kuhudumiwa vilevile na mifumo ijayo ya kompyuta. Kadi za Intel Arc zina sharti la upande mwingine: Intel huzishauri kwa mashine za kuanzia kizazi cha kumi cha prosesa zake, na katika mashine kuukuu nguvu zake za michezo hushuka sana.

Jaribio la dukani

Hakuna maelezo yanayoshinda jaribio. Mnunuzi aweza kwenda dukani na flashi yenye filamu fupi zilizosimbwa kwa mifumo mbalimbali. Filamu ya Big Buck Bunny, iliyotengenezwa na Blender Foundation mwaka 2008, huruhusiwa kunakiliwa na mtu yeyote na hupatikana kwa mifumo na ukubwa wa aina nyingi. Kadi ichomekwe, draiva iwekwe, filamu ichezwe, kisha Task Manager ya Windows ifunguliwe. Kazi ya prosesa kuu ikikaa chini, na kipimo cha kusimbua video cha kadi kikipanda, saketi inayotafutwa ipo na inafanya kazi. Prosesa ikikaribia asilimia 100, kadi hiyo haiijui filamu hiyo, hata jina lake liwe na fahari kiasi gani.

Kwa muhtasari, mwenye televisheni ya HD ajaribu kwanza kuishi bila kadi. Mwenye televisheni ya 4K atafute kadi ndogo inayosimbua HEVC na VP9, yenye HDMI 2.0, inayoingia katika kasha lake na kuishi kwa umeme wa sloti. Atakaye mashine hiyo idumu miaka mingi zaidi aongeze sharti la AV1. Na pale ambapo kadi ya namna hiyo inakaribia bei ya kompyuta nzima, alinganishe kwanza na kompyuta ndogo mpya: prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, iliyopangiwa wati 6 tu, ina saketi ya AV1 ndani yake. Kompyuta kuukuu iliyochaguliwa vizuri huweza kuhudumia sebule kwa miaka mingine kadhaa badala ya kutupwa jalalani. Kinachoamua mara nyingi ni kipande kidogo cha silikoni ambacho bei iliyo kwenye boksi haikitaji.